Mstari wa Mzee Cheche

Baiskeli ya Mzee Cheche ilikuwa duka lake, usafiri wake na, kwa maneno ya mkewe, mke wake mkubwa. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga jiwe la kunolea, la mviringo, pana kama sahani. Akifika mtaani huishusha stendi ya chuma, akautoa mkanda kwenye gurudumu la nyuma na kuupitisha kwenye jiwe, kisha akapanda na kukanyaga pedali. Baiskeli haiendi popote, jiwe ndilo linalozunguka. Kisu kikigusa jiwe, cheche humrukia mpaka magotini, na watoto hupiga yowe. Jina lake lilitoka hapo.

"Mimi kwa siku nakanyaga safari mbili," alipenda kusema. "Moja ya kwenda, moja ya kukaa palepale. Hiyo ya kukaa palepale ndiyo inayowalisha."

Binti yake wa pekee naye alikuwa na jina la kupachikwa. Walimwita Karani. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua mgongo na nguo za watu zikakosa wa kuzifua, lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka kuliko wa watu wazima wote waliokuwa wakikutana uani kwa Baba Maziwa. Hao ndio waliokuwa Chama cha Waendesha Baiskeli: wauza mkate, wapeleka magazeti, mafundi wa ujenzi, na Baba Maziwa mwenyewe, mwenyekiti wao, ambaye alisambaza maziwa kwa baiskeli na aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita nje ya malango. Karani alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, daftari gotini, akaandika kila kilichosemwa. Mtu angeweza kushinda naye tangu asubuhi asimsikie zaidi ya mara mbili.

Chama kilikuwa na ombi moja, la mwaka wa tatu sasa. Njia ya baiskeli darajani.

Daraja lilikuwa jembamba. Magari yalipishana kwa taabu, na pembeni palikuwa na ukingo wa zege wa kupita watu kwa miguu, upana wa hatua moja, halafu chuma, halafu mto chini. Malori ya mchanga yalipita hapo mchana kutwa. Miaka minne nyuma kioo cha pembeni cha lori kilishika usukani wa Mzee Cheche, kikamtupa kwenye chuma. Alilala wiki tatu na bega lake. Karani ndiye aliyemlisha, na siku alipoweza kukaa, binti yule asiyesema aliweka bakuli chini, akasema:

"Baba, niapie. Ukifika darajani unashuka. Unasukuma mpaka ng'ambo."

Mzee Cheche aliapa. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, alishuka kwenye nguzo ya kwanza na kuisukuma baiskeli juu ya ule ukingo mpaka ng'ambo, jiwe likigonga chuma cha pembeni ko, ko, ko. Wengi walifanya kama yeye.

Mwaka ule, hatimaye, injinia wa ofisi ya barabara aliwasikiliza. Alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Aliwapa fomu. "Ofisi haiwezi kuchora njia kwa maneno," alisema. "Nipeni hesabu ya siku moja, tangu saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Safari mia nne za baiskeli zikifika, naipeleka juu."

"Mia nne tu?" Baba Maziwa alicheka. "Injinia, hizo tunakuletea kabla hujamaliza chai."

Kazi ya kuhesabu alipewa Karani, na nani mwingine? Aliketi kwenye nguzo ya kwanza na ubao, karatasi ameibana kwa kibanio cha nguo cha mama yake. Fomu ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza, waendao kwa miguu. Ya pili, waendesha baiskeli. Ya tatu, magari. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Mwendesha baiskeli ni mtu aliye juu ya baiskeli.* Karani aliisoma sentensi hiyo mara tatu, maana alikuwa mtu wa kusoma mara tatu. Kisha akafanya ilivyosema. Aliyepita amepanda, mstari safu ya pili. Aliyepita akisukuma, mstari safu ya kwanza. Minne imesimama, wa tano unakata katikati, anaanza fungu jipya.

Baba yake alipita saa mbili, akisukuma. "Habari za ofisini, Karani?"

"Nzuri, baba," akasema, akamtia kwenye safu ya kwanza.

Jioni walijumlisha uani. Magari hayakuwa na mjadala. Waendesha baiskeli: mia moja themanini na tisa.

Baba Maziwa aliinyakua karatasi. "Haiwezekani! Mimi peke yangu nimepita mara sita!"

"Mara mbili ulipanda," Karani alisema chini chini. "Nne ulisukuma."

"Sasa?"

Akaonyesha kwa kidole ile sentensi ya herufi ndogo. Ndipo wakaelewa wote kwa pamoja kwamba daraja liliwatisha mpaka wakashuka, na kwa kuwa wameshuka, hawamo.

"Lakini mwanangu," muuza mkate alisema, "ungetutia tu humo humo. Nani angejua?"

Karani aliinamisha kichwa. Hakuwa amefikiria kwamba fomu inaweza kujazwa kwa namna nyingine.

Mzee Cheche ndiye aliyecheka wa kwanza, ili kumwokoa. "Jamani, mwacheni. Ila nyie! Miaka thelathini na moja juu ya baiskeli, mtoto niliyemzaa mwenyewe kaniandika mtembea kwa miguu."

Watu walicheka. Karani pia alitabasamu. Lakini njiani kurudi nyumbani, baba yake akisukuma baiskeli kando yake, alilirudia neno hilo mara mbili, bila kicheko. Mtembea kwa miguu.

Injinia aliipokea karatasi, akaitazama kwa huruma, akasema fomu hakuitunga yeye. Hata hivyo aliwapa nafasi nyingine, baada ya mwezi. Safari hii wakubwa wake walitaka wahesabuji wawili, Karani upande huu na mtu wa ofisi ng'ambo. Baiskeli ikiingia huku, lazima ionekane kule, na ikitoka kule, huku nako iandikwe. Karatasi mbili lazima zilingane.

Mkutano wa kupanga siku hiyo ulikuwa mfupi. Hakuna kusukuma. Wote watapanda. Na ili magari yasiwasukume pembeni, watavuka makundi, kumi kumi, katikati ya njia, polepole. Nani atagonga watu kumi?

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, Karani alikuwa anakunja nguo za watu. Mama yake alikuwa amelala kifudifudi mkekani, taulo la moto mgongoni. Mzee Cheche aliingia, akavua kofia, akasimama pale mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

"Kuna jambo nataka kwako," alimwambia binti yake.

"Sema, baba."

"Ulinifunga kwa kiapo. Nifungue. Kesho tu."

Karani aliendelea kukunja. Shati lilikuwa limekwisha kukunjwa, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mpe ruhusa huyo," mama akasema chini ya taulo. "Usipompa tutamsikia mwezi mzima. Mie mgongo wenyewe umechoka."

"Ukiwa na kundi," Karani akasema.

"Nikiwa na kundi."

"Peke yako hapana."

"Peke yangu ningekwenda wapi, mwanangu, na mwili huu?" Akavaa kofia yake, akatoka nje kuifuta baiskeli. Wakamsikia akipiga mluzi.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko walivyoota. Makundi yalikuja yakilia kengele, Baba Maziwa mbele na makopo yake yakimetameta, na madereva, kwa mshangao tu, wakapunguza mwendo. Mzee Cheche alipita saa moja na nusu, katikati ya kundi, mgongo wima. Hakusema habari za ofisini. Alimtazama binti yake, akatazama kalamu, akangoja aione ikishuka kwenye safu ya pili. Kisha akapiga kengele.

Saa saba na nusu alirudi na kundi la watu wanne, akaja kukaa naye kivulini mwa nguzo, akamletea maji. Jua lilikuwa kali, na daraja limepooza. Kwa muda mrefu hawakuona baiskeli.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Mia tatu arobaini na moja."

"Na saa?"

"Saa nane kasoro."

Mzee akapiga hesabu midomoni. "Watu wa ujenzi watatoka saa kumi na moja. Watatosha?"

"Sijui, baba. Wengine wanaogopa. Mara ya kwanza wengi wao walisukuma."

Akanywa maji yaliyobaki, akaifunga chupa, akainuka. "Fomu inahesabu safari au inahesabu majina?"

"Safari."

"Basi naenda na kurudi. Na nikirudi naenda tena. Mpaka watu wa ujenzi watoke, nitakuwa nimekujazia fungu zima au mawili."

"Baba, kundi."

"Kundi litanikuta katikati." Alikuwa ameshapanda. "Barabara tupu hii, Karani. Tazama mwenyewe."

Karani alitazama. Barabara ilikuwa tupu kweli. Hilo ndilo alilojilaumu nalo baadaye kuliko yote, kwamba alitazama, akakubali.

"Andika!" baba yake akamwambia, akiwa ameshavuka nguzo, mkono mmoja juu kama mtu anayeaga akiwa kwenye treni. Karani akaandika. Ulikuwa mstari wa pili katika fungu jipya, umesimama wima kabisa.

Lori liliingia kutoka nyuma. Dereva alisema baadaye kwamba alimwona, na alidhani nafasi inatosha. Huenda alisema kweli. Karani alisikia breki, akasikia jiwe likigonga chuma, mara moja tu. Alikimbia na ubao mkononi, na watu waliofika walimkuta amepiga magoti katikati ya daraja, ubao ameushikilia kifuani, kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Walimpeleka Mzee Cheche kwa pikapu ya mpita njia. Alifariki kabla hawajafika hospitali.

Baba Maziwa hakwenda na pikapu. Alimpandisha Karani, akaupokea ubao kutoka kifuani mwake, akamfungia mlango, halafu akarudi kwenye nguzo ya kwanza, akaokota kalamu. Hakuwa mtu wa kukaa kimya, lakini siku hiyo alikaa kimya mpaka saa kumi na mbili, akihesabu. Habari zilikuwa zimeshatangulia kwenye majengo. Watu wa ujenzi walitoka, wakafika darajani, wakasimama. Kisha walipanda. Wenye hofu walipanda, wasio na breki walipanda, wakavuka taratibu sana bila kengele hata moja. Safu ya pili ilifika mia nne hamsini na nane.

Nyumbani wiki ile palijaa watu, halafu pakatoka watu, wakabaki mama na Karani na mkeka. Baiskeli ililetwa ikaegemezwa ukutani. Usukani ulikuwa umepinda. Jiwe halikuvunjika. Karani alipitisha siku nyingi bila kuitazama, na usiku usingizi ukija, ulikuja na ule mkono ulioinuliwa.

Siku moja, wakisuuza nguo, alisema, "Mama, mimi ndiye niliyemfungua."

Mama yake hakuacha kukamua shuka. "Ulimfungua pamoja na mimi. Nilisema mpe ruhusa. Umesahau?"

"Lakini mimi ndiye niliyemwandika mtembea kwa miguu. Ndiyo maana alitaka..."

"Shika ncha hiyo," mama akasema. Wakakamua, mmoja huku, mwingine kule, maji yakachuruzika miguuni mwao. Mama alikuwa analia, lakini alilia huku anafanya kazi, kama alivyofanya kila kitu. "Alikuwa mtu mzima, mwanangu. Mwachie basi hata hilo."

Mwezi ulipokwisha, injinia alimwita Karani ofisini kutia sahihi. Baba Maziwa alimsindikiza, akabaki nje kwenye benchi na kofia mapajani. Ofisi ilikuwa ndogo, feni inazunguka na kuinua pembe za karatasi, na injinia alikuwa ameziwekea mawe madogo juu. Alimpa pole. Alisimama alipompa, na Karani alilitambua hilo.

"Hesabu imetosha, dada, na imepita," alisema. "Ila kuna kitu kidogo." Akaziweka karatasi mbili sambamba. "Yako ina mia nne hamsini na nane. Ya mtu wetu kule ng'ambo ina mia nne hamsini na saba. Zisipolingana zinarudishwa. Tutalazimika kuhesabu upya."

Karani aliangalia. Hakuhitaji kutafuta. Fungu la saa nane, mstari wa pili.

Injinia alishusha sauti. "Najua ni upi. Kwa idadi haina madhara, hata tukiutoa mia nne ziko palepale. Ukate tu, uweke sahihi pembeni, na mimi naweka muhuri leo leo. Njia inajengwa." Akamsogezea kalamu, moja ya zile nne. "Yeye mwenyewe angetaka ijengwe."

Hilo lilikuwa kweli. Karani aliishika kalamu. Aliwaza kuhusu watu wa ujenzi, na kuhusu kuwaita tena wapande, siku nyingine, darajani palepale. Aliwaza ni baba wa nani atakayekuja na kusema barabara tupu hii. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mstari wenyewe ulikuwa mdogo, urefu wa punje ya mchele, na ulinyooka, maana alipouandika mkono wake ulikuwa bado haujajua lolote.

"Mara ya kwanza nilimtia kwenye safu isiyo yake," alisema.

"Samahani?"

"Baba. Nilifuata fomu." Sauti yake ilikuwa ndogo, injinia akalazimika kuinama. "Siwezi kumtoa na hapa. Pale chini pana nafasi, pameandikwa Maelezo. Pale panaandikwa na nani?"

"Yeyote. Lakini wakubwa wakiona hazilingani..."

"Wataona kwa nini."

Akaandika. Aliandika taratibu, kwa ule mwandiko wa darasa la tano, kila herufi imekaa juu ya mstari. *Hesabu hazilingani kwa sababu mmoja aliingia upande huu saa nane kasoro, hakutokea upande wa pili. Alikuwa juu ya baiskeli.* Akaweka nukta, akaweka sahihi.

Injinia aliisoma, akakaa nayo mkononi. Feni ilizunguka. Huenda alikuwa anatafuta kipengele cha kumzuia, huenda hakuwa anatafuta chochote. Mwishowe aliondoa lile jiwe dogo, akazibana karatasi mbili pamoja zikiwa vilevile, mia nne hamsini na nane na mia nne hamsini na saba, akapiga muhuri juu yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hazikurudishwa.

Njia ilichukua miezi minane. Walipanua ukingo upande wa juu wa mto, wakaweka vizuizi vya zege kati yake na magari, wakaipaka rangi. Siku ya kufunguliwa palikuwa na utepe na hotuba, na Baba Maziwa alialikwa kusema neno, akasimama mbele ya kipaza sauti, yeye mwenye sauti ya kupasua malango, akasema "Asanteni," akashuka.

Karani hakwenda siku hiyo. Alikwenda wiki iliyofuata, asubuhi, na baiskeli ya baba yake. Fundi alikuwa ameunyoosha usukani kadiri ulivyokubali. Kwenye nguzo ya kwanza alikaa kijana wa ofisi na ubao, anahesabu watumiaji wa njia mpya. Karani alishika usukani, akaangalia ile njia iliyonyooka, safi, salama, na miguu yake ikakataa. Akasukuma. Waliompita kwenye baiskeli walipiga kengele, na mmoja akasema, "Panda, dada, si yetu hii!" Alipompita kijana wa ubao aliona kalamu yake ikisita, kisha ikaenda kwenye safu ya kwanza. Hakumlaumu.

Ng'ambo, kwenye kona ambayo baba yake alisimama kila asubuhi, mwanamke mmoja alitoka haraka nyumbani kwake na visu viwili vimefungwa kwenye gazeti.

"Eh, bora mmekuja! Tumekaa na visu butu mwaka mzima. Mzee Cheche yuko wapi, anaumwa?"

Karani akaishusha stendi. Akautoa mkanda kwenye gurudumu, akaupitisha kwenye jiwe, mara ya kwanza ukateleza, mara ya pili ukashika. Kisha akapanda. Kiti kilikuwa juu mno kwake, vidole tu ndivyo vilivyofika kwenye pedali, lakini alikanyaga, na jiwe likaanza kuzunguka.

"Lete kisu, mama," alisema.

Mwanamke alimtazama kwanza yeye, halafu jiwe, halafu usukani uliopinda. Akaelewa. Akamkabidhi kisu kwa mikono miwili.

Karani alikigusisha kwenye jiwe. Cheche zikaruka mpaka magotini.